Anzia Jikoni, Paneli Zije Mwisho: Kuikarabati Nyumba ya Masoro Ifikie Nishati Karibu na Sifuri

Fundi wa sola akiitwa Masoro, swali la kwanza analoulizwa ni hili: paneli ngapi zitatosha? Kwangu mimi hilo ni swali la mwisho. Anayeanza na paneli hununua nyingi kuliko anazohitaji, na nyumba yake hubaki vilevile. Paa linachoma mchana, hita inapasha usiku kucha maji ambayo hakuna atakayeyaoga, na nyuma ya mlango wa jikoni limeegemezwa gunia la makaa ambalo halikuingia kwenye hesabu yoyote. Makala haya nimeyaandika kwa mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, iwe ya rukarakara (matofali ya udongo yasiyochomwa) iliyopigwa plasta au ya matofali ya kuchoma, na kwa mpangaji pia, maana Masoro imejaa wapangaji. Eneo maalumu la uchumi la Kigali limeleta wafanyakazi wa viwandani, Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kimeleta wanafunzi, na kila kiwanja chenye nafasi nyuma kimeongezewa vyumba vya kupangisha.

Tuelewane kwanza tunatafuta nini. Nyumba ya nishati karibu na sifuri ni ile ambayo mahitaji yake ya mwaka mzima yamepunguzwa mpaka kile kidogo kilichobaki kiweze kutoka kwenye jua linalopiga paa lake lenyewe. Umoja wa Ulaya uliiweka shabaha hiyo kwenye sheria yake ya majengo ya 2010, ukataka kila jengo jipya liifikie ifikapo mwisho wa 2020. Adui wa kule ni baridi. Ndiyo maana Wajerumani waliojenga nyumba ya kwanza ya mtindo wa Passivhaus mjini Darmstadt mwaka 1991 walizifunika kuta kwa vihami vinene na kutia madirisha ya vioo vitatu. Kipimo chao, ambacho ni kikali sana kwa hali ya huko, huruhusu yuniti 15 (yaani kilowati-saa 15) za kupasha vyumba joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kwa nyumba ya mita za mraba 120 hizo ni yuniti 1,800, na hapo mtu hajapika wala hajawasha taa.

Masoro haina mzigo huo. Kigali iko digrii mbili kusini mwa ikweta, juu ya vilima vya takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na mchana hupanda hadi 27 au 28. Hakuna mwezi unaodai hita ya chumba, na hakuna mwezi unaodai kiyoyozi kwenye nyumba yenye paa na madirisha yaliyotengenezwa kwa akili. Nitaonyesha hapa chini kwamba familia ya watu watano inaweza kupika, kuoga maji moto, kuwa na friji na kupiga pasi kwa yuniti 900 hivi kwa mwaka. Hiyo ni nusu ya kile ambacho nyumba ya Darmstadt huruhusiwa kwa kupasha vyumba peke yake. Kwa hiyo usidanganywe na picha za Ulaya zinazoonyesha kuta zikivishwa sponji nene. Ukarabati wetu ni wa namna nyingine, na ni wa bei nafuu zaidi kuliko wa kwao.

Sasa tuje kwenye makaa, kwa sababu hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Mtu hutazama Cash Power yake, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, akaona ananunua yuniti 70 kwa mwezi, akajisifu kuwa ni mwekevu. Lakini kilo moja ya makaa makavu ina joto linalokaribia yuniti 8. Gunia la kilo 35, basi, lina yuniti 280. Gunia moja tu limeingiza nyumbani nishati mara nne ya umeme wote wa mwezi, nalo halikupita kwenye mita. Na sehemu kubwa ya joto hilo hupotea: jiko la kawaida la bati, imbabura ile inayouzwa kila soko, hufikisha kwenye sufuria karibu sehemu moja kati ya tano. Ukirudi nyuma zaidi, kwenye tanuri la udongo vijijini, kilo moja ya makaa huweza kula kilo sita au saba za mti. Serikali ya Rwanda ilijiwekea lengo la kushusha sehemu ya kaya zinazopikia kuni na makaa kutoka asilimia 83 mwaka 2014 hadi 42 mwaka 2024, na haikufanya hivyo kwa ajili ya misitu tu. Moshi wa jikoni hupita kwanza kwenye vifua vya akina mama na watoto.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kununua sufuria ya presha ya umeme kabla hujanunua hata skrubu moja ya paneli. Kwa watu watano ile ya lita 6 inatosha, na nguvu yake huwa wati 1,000 hivi. Maharage, ambayo ndiyo yanayomaliza makaa katika nyumba nyingi za Kigali, huiva humo kwa karibu nusu yuniti. Katika bei zilizotangazwa Januari 2020, yuniti iliyozidi ya hamsini ilikuwa faranga 249 kabla ya kodi, yaani kama 294 ukiongeza asilimia 18 ya VAT. Sufuria ya maharage, hata kwa bei hiyo ya ngazi ya juu, haikufika faranga 150. Viwango hubadilika, kwa hiyo chukua stakabadhi yako ya karibuni uweke namba zako, kisha ulinganishe na makaa unayonunua kwa kopo kila jioni. Nyumba inayopika kila kitu kwa umeme kwa vyombo vya namna hii hutumia yuniti moja hadi mbili kwa siku.

Yako mambo ambayo sufuria hiyo haiyawezi. Ugali unataka mwiko na moto ulio wazi, chapati inataka kikaango, na mahindi ya kuchoma yatabaki kuwa ya makaa. Kwa hayo weka jiko la induksheni la jicho moja kama waya zako zinastahimili, au mtungi mdogo wa gesi. Gesi ni ya kuagizwa nje na haiwezi kuitwa sifuri, lakini mtungi wa akiba kwa siku umeme unapokatika ni bora mara nyingi kuliko kurudi kwenye gunia.

Kabla ya yote hayo, mwite fundi umeme alikague tundu la umeme la jikoni. Majiko mengi ya Masoro yako nyuma, nje ya nyumba kubwa, yakilishwa na waya mwembamba uliovutwa kwa ajili ya taa. Kifaa cha wati 1,000 kinataka waya wa milimita za mraba 2.5, tundu lenye ethi, na breka yake peke yake. Tafuta fundi mwenye kibali cha RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma, na umwombe akuonyeshe kibali chenyewe. Nasisitiza jambo la pili la usalama: mvua za Machi hadi Mei zinapoleta ubaridi, wako wanaoingiza imbabura chumbani ipashe joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ukianza kuziba nyufa na kukaza madirisha huku makaa yakiendelea kuwaka ndani, umeifanya nyumba kuwa ya hatari kuliko ilivyokuwa. Makaa yatoke kwanza, ndipo kazi nyingine zifuate.

Maji ya kuoga ni mzigo wa pili, na kwa nyumba yenye bafu la kisasa huwa wa kwanza. Hesabu yake ni rahisi na haina mjadala. Kupasha lita 30 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunataka yuniti 0.7. Watu watano wakioga hivyo kila siku wanamaliza zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi, kuliko taa, friji, televisheni na pasi vikijumlishwa. Hita ya umeme yenye tanki ni mbaya zaidi ikiachwa imewashwa saa zote, kwa kuwa maji hupoa na kupashwa tena usiku wote bila mtu kuyagusa. Na familia isiyoweza kulipa umeme huo huchemshia maji kwenye makaa, ndipo gunia moja linapokuwa mawili.

Jua linaifanya kazi hii vizuri kuliko kazi nyingine yoyote nyumbani. Rwanda ililiona hilo mapema: programu ya SolaRwanda iliyoanzishwa 2012 ililenga kufunga hita 12,000 za jua kwenye nyumba za watu. Mwaka huohuo Kenya ilitunga kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate sehemu kubwa ya joto hilo kutoka kwenye jua. Kanuni za Kenya zilikumbana na upinzani wa wenye majengo, lakini kipimo chao cha lita 100 bado ni mwongozo mzuri. Familia ya watu watano inapita hapo kwa urahisi, na tanki la lita 150 hadi 200 litaitosha.

Lakini hita ya jua iliyofungwa vibaya ni hasara kubwa, na makosa yenyewe yanajulikana. La kwanza ni uzito. Tanki la lita 200 likijaa, pamoja na kikusanyajoto chake, hukaribia kilo 300. Kenchi za mikaratusi zilizotengenezwa kubeba mabati mepesi hazikukusudiwa mzigo huo. Mara nyingi ni salama zaidi kulisimamisha juu ya ukuta unaobeba au kwenye mnara wa chuma ulio kando ya tanki la maji baridi. La pili ni maji yenyewe. Maji ya WASAC, shirika la maji, hayaji saa zote kila mahali, na hita ya mirija ya vioo ikikaa kavu juani kisha ikajazwa ghafla maji baridi, mirija hupasuka. Hakikisha lipo tanki la maji baridi lililoinuliwa juu zaidi, linalolisha hita hata bomba likikauka, na kama huna uhakika wa maji chagua kikusanyajoto bapa cha shaba badala ya mirija. Huku kwetu hakuna barafu ya kukipasua.

La tatu ndilo linalokasirisha zaidi, kwa sababu mwenye nyumba huwa halioni. Hita nyingi za jua huja na koili ya umeme ya akiba ndani ya tanki. Ikiunganishwa moja kwa moja, koili huyapasha maji usiku, na jua likichomoza linakuta maji yameshachemka, halina tena kazi ya kufanya. Mtu amelipia hita ya jua na bado anaoga kwa umeme. Dai swichi ya koili iwe ndani ya nyumba, mahali panapoonekana, yenye taa nyekundu, na iwashwe tu zile siku za mawingu mazito.

Sasa paa. Hapa ikweta jua la saa sita mchana linatupigia karibu moja kwa moja kutoka utosini, kwa hiyo paa ndilo linalopokea moto, kuta hupata masalio. Kila mita ya mraba hupokea karibu kilowati moja jua linapokuwa kali. Mabati yaliyochakaa, au yaliyopakwa kijani kilichoiva na hudhurungi, huungua kiasi cha kutoshikika, kisha humimina joto hilo chini chumbani. Wengi hukimbilia feni, na wenye uwezo zaidi kiyoyozi, wakati tiba iko juu ya vichwa vyao.

Kazi ya kwanza ni kuitoa hewa iliyo moto kati ya bati na dari. Fungua matundu chini ya mwisho wa paa pande zote mbili, na mengine juu karibu na mgongo wa paa, yote yazibwe kwa wavu wa chuma usiopitisha popo wala panya. Hewa baridi itaingia chini na ya moto itatoka juu yenyewe. Kazi ya pili ni foili ya alumini. Itandazwe chini ya papi ikiacha uwazi wa hewa wa angalau sentimita mbili na nusu, upande unaong'aa ukitazama chini. Nimesema chini kwa sababu upande wa juu hupata vumbi, na foili yenye vumbi haizuii tena mnururisho. Ikigusana na bati haifai kitu, inakuwa bati la pili. Kazi ya tatu, kama mabati bado ni mazima, ni kuyapaka rangi nyeupe ya paa. Nyeupe ya kawaida hufifia haraka, hivyo nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati na usugue kutu kwanza.

Chini ya hapo ndipo inapokuja dari. Nyumba zisizo na dari hupata nafuu kubwa mno kwa kuwekewa hata ile ya kienyeji ya mikeka ya mafunjo au matete, ambayo mafundi wa Rwanda wanaifahamu tangu zamani. Ndani ya eneo maalumu la uchumi la Kigali kampuni ya Strawtec ilianzisha kiwanda cha mbao za mabua yaliyobanwa, kihami kinachotokana na masalio ya mashamba yetu wenyewe. Natamani bidhaa za namna hiyo zingekuwa za kawaida madukani, maana dari ya plastiki inayofungwa siku hizi inapendeza macho lakini haizuii joto kwa lolote la maana.

Onyo kwa wenye nyumba za zamani: kama paa lako ni la asbesto, zile shuka za kijivu zenye mawimbi zinazovunjika kama kigae, usitoboe, usisugue, usipake rangi, wala usioshe kwa maji ya nguvu. Nyuzi zake zikivutwa pumzi huleta saratani miaka mingi baadaye. Rwanda imeamua kuziondoa kwenye majengo yote, na kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Nyumba ya Rwanda, hufanywa na watu waliofunzwa na wenye mavazi ya kinga. Omba ushauri wao kabla fundi wako hajapanda ngazi.

Kuta nitazipitia haraka. Usizivishe kihami. Tofali la rukarakara, au la kuchoma, ni zito, hupoa usiku na kukaa baridi hadi alasiri, na hicho ndicho tunachokitaka. Kazi ya ukuta ni kukaa mkavu: paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, na chini pawe na msingi wa mawe unaozuia maji ya mvua yanayoruka. Plasta ya sementi juu ya rukarakara hupasuka na kufungia unyevu ndani, kwa hiyo ikianza kububujika ibandue, tengeneza kwa udongo uliochanganywa na chokaa. Ukijenga chumba cha nyongeza, ulizia mtindo wa kupanga matofali kwa kuyasimamisha kwa ubavu yakiacha uwazi katikati, kama yalivyopangwa kwenye nyumba za makazi mapya ya Mpazi, Nyarugenge. Matofali na sementi hupungua, na uwazi ule huchelewesha joto.

Lakini kuta hizo nzito haziwezi kupoa kama madirisha yamefungwa usiku, na watu huyafunga saa kumi na mbili jioni kwa hofu ya mbu. Hofu hiyo ni ya haki. Jibu ni wavu kwenye kila dirisha, unaofungwa kwa fremu ya mbao upande wa ndani ili uweze kufuliwa. Naliona hili kuwa ndilo tendo la bei rahisi kuliko yote katika makala haya na lenye faida kubwa kuliko ukubwa wake: usiku wa nyuzi 16 unaingia bure, malaria inabaki nje. Na yale matofali yenye matundu juu ya madirisha ya nyumba za zamani, ambayo wengi wameyaziba kwa magazeti na plasta, yafungue na kuyawekea wavu huohuo.

Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayoingiza moto, kwa kuwa asubuhi na jioni jua hushuka chini na kupenya hadi katikati ya chumba. Mitindo mipya ya Kigali inapenda vioo vikubwa, na nimeona vingi vikitazama machweo. Pazia la ndani halisaidii sana, joto limeshaingia. Kivuli kiwe nje: baraza, kibanda cha mabati chenye mianzi, au mparachichi uliopandwa mita chache kutoka ukutani. Upande wa kaskazini na kusini paa lililozidi kidogo linatosha.

Kuhusu taa na vifaa vidogo sina mengi, kila mtu ameshajua taa za LED. Friji inastahili neno. Ile ya mitumba kutoka Ulaya inaonekana rahisi dukani, lakini ya zamani inaweza kula yuniti 400 kwa mwaka au zaidi, mahali ambapo mpya yenye lebo nzuri ya nishati hula chini ya 200. Tena mji huu ndio uliotoa jina la makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi za HFC za friji na viyoyozi, yaliyopitishwa hapa tarehe 15 Oktoba 2016. Ukinunua, tafuta iliyoandikwa R600a nyuma, ambayo haimo katika kundi hilo la gesi.

Wapangaji na wenye nyumba za kupangisha wanisikilize hapa. Bei ya umeme wa nyumbani ni ya ngazi: kwa viwango vya 2020, yuniti 15 za kwanza zilikuwa faranga 89 kila moja, zilizofuata hadi 50 zilikuwa 212, na zaidi ya hapo 249. Chukua kaya nne katika kiwanja kimoja, kila moja ikitumia yuniti 15. Zikiwa na mita zao wenyewe, jumla yao kabla ya kodi ni faranga 5,340. Zikichangia Cash Power moja, zinanunua yuniti 60 kwa pamoja, na bili inakuwa 11,245. Watu wanne maskini wanalipa kwa bei ya tajiri mmoja, kisha wanagombana nani aliacha pasi inawaka. Mwenye nyumba, ombea kila kaya mita yake kwa EUCL, shirika linalosambaza umeme. Kama bado, fungia walau mita ndogo za ndani ili kila mtu aone anachotumia. Mpangaji anayejua kwamba akiba ni yake mwenyewe hununua sufuria ya presha. Asiyejua haoni sababu. Vitu ambavyo mpangaji anaweza kuhama navyo ni sufuria, taa, friji na nyavu. Hita ya jua, dari na rangi ya paa ni vya mwenye nyumba, na pakiwa na uelewano wa kuandikiana, kodi inaweza kupanda kidogo mahali ambapo makaa na umeme vimeshuka zaidi.

Baada ya hayo yote ndipo hesabu ya paneli. Nyumba yetu ya watu watano sasa inatumia kama yuniti 35 kwa mwezi kwa taa, friji, televisheni, pasi na simu, na 40 kwa kupika. Maji moto yametoka kwenye jua. Jumla ni 75 kwa mwezi, 900 kwa mwaka, yuniti 2.5 kwa siku. Paneli zenye nguvu ya kilowati moja huzalisha hapa Kigali wastani wa yuniti 3.5 kwa siku, au zaidi kidogo. Paneli mbili za wati 550, zinazochukua kama mita za mraba tano za paa, zinazalisha zaidi ya hitaji la mwaka. Familia hiyohiyo ingeoga kwa umeme, ingehitaji zaidi ya mara mbili ya umeme huo, yaani paneli zaidi pamoja na betri ya bei ya kutisha. Akiba hiyo yote imetoka jikoni, bafuni na darini.

Zifunge kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Kwa jua la ikweta mwelekeo si jambo kubwa, mwinamo ni kwa ajili ya mvua kuzisafisha. Usizibandike juu ya bati. Hewa ipite chini yake, maana paneli ikipata joto sana uzalishaji hupungua. Inveta iwe ya kilowati 2 hadi 3 ili sufuria na friji viweze kuwaka pamoja. Betri ya lithiamu ya yuniti 2 hadi 3 itabeba jioni, lakini ukijizoesha kupika maharage saa tano asubuhi na kupiga pasi mchana unaweza kuanza na ndogo. Mwenye mpango wa gari la umeme afanye hesabu tofauti. Kiwanda cha Volkswagen kilichopo hapa Masoro kilianza kuunganisha magari 2018 na kuleta e-Golf mwaka uliofuata, na gari la namna hiyo hula yuniti 15 au zaidi kwa kilomita 100, ambazo hazimo kwenye zile paneli mbili.

Usirudishe umeme kwenye gridi bila kuzungumza na EUCL. Mita nyingi za malipo ya kabla hazikutengenezwa kupokea umeme unaorudi, na baadhi yake huuhesabu kana kwamba umeutumia wewe, tokeni zikaisha huku jua likiwaka. Mwambie fundi aiweke inveta katika hali ya kutorudisha chochote nje, na akuonyeshe kwa macho kwenye skrini.

Fedha zinaweza kufuata mpangilio huohuo, kila hatua ikilipia inayofuata. Sufuria, nyavu na matundu ya paa vinaweza kutoka kwenye ikimina, kikundi cha akiba, cha majirani. Hita ya jua na dari ni mkopo mdogo wa Umurenge SACCO, ushirika wa akiba na mikopo wa umurenge, urudishwe kwa pesa zilizokuwa zikinunua makaa. Ulizia pia ruzuku ya majiko safi inayosimamiwa na BRD, Benki ya Maendeleo ya Rwanda, chini ya mradi wa nishati ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha 2020, na uhakikishe jiko unalouziwa liko kwenye orodha yao. Kubadilisha muundo wa paa au kujenga mnara wa tanki kunataka kibali, kwa hiyo pita kwanza kwenye ofisi ya umurenge wa Ndera au ya vibali vya ujenzi wilayani Gasabo, ukiwa na mchoro.

Matunzo ni kidogo lakini yana msimu wake. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi la malori ya viwandani na la barabara za udongo hufunika paneli na vioo vya hita. Zioshe asubuhi na mapema kwa maji matupu na kitambaa laini, kabla hazijapata moto. Mpira wa kifuniko cha sufuria ya presha ubadilishwe ukianza kuvujisha mvuke. Ndani ya tanki la hita umo ufito wa magnesi unaoliwa na kutu badala ya tanki lenyewe. Mwombe fundi aufungue na kuukagua kila baada ya miaka miwili au mitatu, na siku ya kununua hita uliza kabla hujalipa kama ufito wa akiba unapatikana Kigali.